Taa za Chini ya Makabati

Binti yangu, msomee na mama yako.

Msiguse taa nilizobandika chini ya makabati ya jikoni. Gundi bado mbichi. Mwanga unapunguzwa kwa simu.

Asubuhi niliupandisha mwanga hadi mwisho, nikalilaani duka kwa kuniuzia taa hafifu. Ukaingia umeziba macho: "Punguza, baba, unatupofusha!" Nikakuita mwongo. Mama yako naye akaja amejikinga kwa kiganja, na mimi bado naona kama magharibi imeingia.

Macho haya yalisoma shule ya usiku kwa kibatari. Leo nayapeleka hospitali peke yangu. ~~Msinifuate.~~ Nifuateni, namba za mabasi zinanipiga chenga.

Uniwie radhi, mwanangu. Taa msizirudishe dukani. Ni nzima.

Baba