Shingo Yangu Kwenye Banderole ya Beni

Butembo, siku ya posho, Jumamosi, jua linazama.

Ukungu umeshuka mapema leo. Kutoka dirishani sioni tena mabati ya jirani. Nimerudi kutoka Beni na vumbi mpaka ndani ya masikio, nimeoga, nimekunywa chai, na bado najisikia mchafu. Mume wangu Paluku aliniuliza safari ilikuwaje. Nilimwambia nimechoka. Ni kweli, ila siyo ukweli wote.

Nimesalitiwa na mtu ninayempenda.

Nimeandika sentensi hiyo ili niione imekaa mahali. Sasa nieleze taratibu, maana nikienda haraka nitalia tena, na Paluku yuko hapo sebuleni.

Wanaosoma ukurasa wangu huu tangu zamani wanajua kwamba niliungua. Kwa asiyejua: mwaka jana tulikuwa tunapika kwa ajili ya harusi, nyuma ya kanisa letu, na sufuria ya mafuta ya kukaangia mikate ikateleza kwenye mafiga. Mafuta yalinishukia upande wa kushoto, kutoka chini ya sikio mpaka begani. Wanawake waliokuwa pale walitawanyika, kila mmoja na kilio chake. Kahindo peke yake ndiye aliyekuja kwangu. Alinimwagia maji, ndoo juu ya ndoo, akamfukuza mama mmoja aliyetaka kunipaka dawa ya meno, akanipandisha pikipiki na kukaa nyuma yangu akinishikilia mpaka sante, kituo cha afya.

Kahindo ni rafiki yangu tangu tulipokuwa wasichana wa kwaya. Kule sante alilala chini, kwenye mkeka, kando ya kitanda changu. Walipokuwa wanabadilisha pansement, bandeji za kidonda, niliuma kitenge chake kwa meno. Kile kitenge hakikufaa tena, na hakuwahi kunitajia.

Kidonda kilipofunga, akaleta mafuta. Nyanya yake alikuwa mtu wa majani na mafuta, na Kahindo alijifunza kwake: mafuta ya mise yatokayo kwenye kokwa za michikichi, mafuta ya avoka, asali ya upande wa Mangina, na utomvu wa aloe vera. Kila yenga, yaani Jumapili, baada ya ibada alinikalisha kwenye kiti kifupi akanikanda shingo kwa vidole gumba, taratibu, huku akinisimulia habari za watu ili nisahau maumivu. Lakini alisubiri. Kuna siku nilimwomba anipake wakati begani bado kulikuwa wazi, akakataa katakata. Aliniambia kidonda kibichi ni kazi ya munganga wa sante, mafuta ni ya kovu, na mwenye kuchanganya hayo mawili anatafuta usaha.

Yalinisaidia, nataka niwe mkweli. Ngozi iliyokuwa inanivuta kila nikigeuza kichwa ililainika. Muwasho ulipungua, nikaanza kupata usingizi. Kovu lenyewe halikuondoka. Linang'aa, lina mikunjo kama plastiki iliyosogezwa karibu na moto, na najua nitazikwa nalo. Nilikuwa nimeshaanza kulizoea. Darasani nafunga fulari, kitambaa cha shingoni, kwa sababu ya watoto. Nyumbani naivua.

Kahindo alipohamia Beni, commune ya Ruwenzori, akafungua biashara ya mafuta yake, nilifurahi kuliko ndugu zake. Aliniomba niwe namtumia foto za shingo ili aendelee kufuata hali yangu kutoka mbali. Nikamtumia. Nyingine zilionyesha mpaka kifuani, foto ambazo hata Paluku sikumwonyesha. Nilizituma kama mtu anavyofungua nguo mbele ya dada yake.

Juzi, wakati wa mapumziko, mwalimu mwenzangu aliniwekea telefone yake mbele ya macho. Binamu yake wa Beni alikuwa amemtumia tangazo. Lilikuwa na foto mbili. Chini ya ile ya kushoto waliandika «Avant», kabla. Ni mimi, moja ya foto nilizomtumia, shingo ikiwa nyekundu na yenye mikunjo. Chini ya ile ya kuume waliandika «Après», baada. Ni mimi tena, ninacheka, shingo laini kama ya mtoto. Na chini yake maneno: «Madame Katungu wa Butembo. Kidonda kibichi, kovu la zamani, vyote vinaisha.»

Mwenzangu aliniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini bado najifunga fulari wakati nimepona hivi.

Niliivuta telefone karibu. Nilikuwa naangalia blauzi. Ni blauzi ya manjano tuliyoshona kwaya nzima kabla ya mimi kuungua. Kahindo mwenyewe ndiye aliyenipiga foto ile, uwanjani mwa kanisa, tukiwa tumemaliza kuimba.

Aliichukua shingo niliyozaliwa nayo akaiuzisha kama kazi ya chupa yake.

Nilimpigia simu jioni ile. Hakupokea. Nilimpigia jana, kabla ya shule na baada ya shule. Hakupokea. Nikajitafutia sababu zote: telefone imeibwa, courant ya umeme imekatika, kuna kijana wa matangazo aliyekosea foto na yeye hajui. Leo asubuhi nikaona nikibaki hapa nitaendelea kumtetea mpaka nichanganyikiwe. Nikaenda.

Barabara ilikuwa tulivu, Mungu asifiwe. Beni kulikuwa na joto, watu wanapita na kazi zao. Duka lake ni meza mbele ya parseli, kiwanja anapokaa, chupa zimepangwa vizuri, na juu yake banderole, kitambaa kirefu cha tangazo chenye zile foto mbili. Uso wangu pale ulikuwa mpana kuliko beseni. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikajiangalia nikicheka. Nilimwonea wivu yule mwanamke wa blauzi ya manjano. Sikutegemea hilo.

Nikiwa bado nimesimama, mama mmoja alinigusa mkono. Alikuwa na mtoto mgongoni.

«Madame, unisamehe. Njo weye wa pale juu?»

Nikamwambia ndiyo, ni mimi.

Macho yake yalijaa furaha, ile furaha ya kumkuta mtu uliyemwombea. Alijitambulisha: mama Grâce, mume wake mwanajeshi, walitoka Kasai, hapa hawana ndugu. Mtoto mgongoni ndiye Grâce, labda ana miaka minne. Aliingiza mkono kwenye uji wa moto. Walikuwa wanampeleka sante kwa pansement, lakini mtoto alilia sana kila mara, na mama alikuwa analia pamoja naye. Ndipo jirani akamwonyesha foto zangu. Akaacha sante. Sasa anampaka mafuta tu, na chupa imeisha, amekuja kuchukua nyingine.

«Nilisema, kama Mungu alifanya kwa ule mama, atafanya na kwa mutoto wangu.»

Mkono wa Grâce ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitenge. Kabla hajamshusha, nilikuwa nimeshasikia harufu. Ninaijua harufu ile ya usaha. Kule sante nililala jirani nayo.

Mama Grâce akaniomba, kwa aibu, nimwonyeshe shingo yangu kidogo tu, apate nguvu.

Nikafungua fulari.

Aliangalia shingo, akainua macho kwenye banderole, akarudi kwangu. Akafanya hivyo tena. Furaha ilimtoka usoni polepole.

«Na ile foto ya kuume ni ya nani?»

«Ni yangu. Nilikuwa sijaungua.»

 Alikaa chini, pale pale ukingoni mwa mtaro, akamvuta mtoto mapajani. Na Kahindo alikuwa ametoka nyumbani na chupa mkononi, anakuja na tabasamu la mtu anayemletea mteja wake dawa, mpaka akaniona.

Aliniomba tuingie ndani, watu wasisikie. Niliingia. Hakuna hata kiti alichonipa, yeye ambaye zamani angenipa kitanda chake. Nilimuuliza kwa nini hakuniomba ruhusa. Akasema ningekataa. Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Akaendelea kunieleza kwamba Beni imejaa watu wenye vidonda na alama, watu wa moto, watu wa panga, na wote wanataka kuona kabla hawajaamini. Wanaouzisha wengine wanachukua foto za wazungu kwenye internet. Yeye angalau alichukua mtu wa kweli.

«Nikiweka shingo yako ya sasa, nani atakuya?»

Nilimwambia kuna mtoto pale nje ambaye mkono wake unaoza. Nilimkumbusha maneno yake mwenyewe, siku alipokataa kunipaka begani. Nilitumaini atasema alisahau, au hakuelewa maandishi, au mwenye kuchapa ndiye aliyeongeza. Nilikuwa tayari kuamini lolote kati ya hayo.

«Najua,» alisema. «Ninajua, Katungu.»

Alijua. Mimi alinilinda dhidi ya mafuta yake mpaka ngozi ikafunga, halafu watoto wa watu wengine akawauzishia.

Nilipogeuka kutoka, akanishika kiwiko, akaniambia nisisahau ni nani alinibeba ile siku ya moto. Mpaka dakika ile nilikuwa na hasira. Baada ya hayo maneno sikuwa na kitu. Niliona maji yote aliyonimwagia, mkeka, kitenge chake nilichokiuma, vidole gumba vyake, vyote vinatolewa mahali pake safi na kuwekwa kwenye ile meza pamoja na chupa.

Niliutoa mkono wake. Nilienda kumwinua mama Grâce.

Tulitembea mpaka sante waliyokuwa wanaenda mwanzoni. Njia nzima aliogopa kwamba watamfokea. Munganga, baba mmoja mpole, hakumfokea. Alifungua kitenge, akasema tumechelewa ila tumefika. Usaha ulikuwa umeingia, na vidole viwili vidogo vilikuwa vimeanza kushikana. Akavitenganisha, akasafisha, akafunga kila kidole peke yake. Alieleza kwamba mkono utabaki, Mungu akipenda, lakini kidole cha mwisho huenda kisinyooke tena vizuri. Mtoto alale pale, adungwe sindano, na mama asiondoke.

Mama Grâce hakuweza kutazama, akageukia ukuta. Mimi ndiye niliyemshika mtoto. Alilia mpaka sauti ikaisha. Walipomaliza, alibaki amenilalia kifuani akihema, na macho yake yakafika shingoni mwangu. Fulari niliisahau kwenye mfuko.

«Weye pia uliungua?»

«Ndiyo.»

«Itaisha?»

Mama yake aligeuka kutoka ukutani, na munganga akaacha kunawa mikono. Nilijua wote wawili wanasubiri nitasema nini.

«Hapana,» nilimwambia. «Lakini itaacha kuuma.»

Akafikiri. Akaomba maji ya kunywa.

Wakati wa kurudi nilipita tena pale barabarani. Banderole ilikuwa imeshushwa, nguzo zimebaki peke yake, na meza iko pale pale, chupa ziko pale pale, kuna mwanamke anainusa moja. Kahindo hakuwepo, au alikuwepo ndani. Nilimwambia yule mwanamke kama ana kidonda kibichi aende sante kwanza. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mshindani wa biashara. Nikaondoka.

Nilipofika Maboya, njiani kurudi Butembo, telefone ililia. Ujumbe wa Kahindo: «Nimeiondoa. Umefurahi?»

Hapana, sijafurahi. Sijui hata nilitaka nini. Nadhani nilitaka atoke mbio nyuma yetu, aje sante, amshike Grâce mguu mmoja nami nishike mwingine. Hata asiposema neno. Huyo ndiye Kahindo niliyekuwa naenda kumtafuta Beni.

Na niandike hili pia, hata kama linaniaibisha. Nilipotoka kuoga jioni hii ngozi ilikuwa inanivuta, na nikachukua mafuta yake nikajipaka. Yananukia vizuri. Ni mafuta mazuri. Angesema ukweli wake, kwamba yanalainisha kovu na kupunguza muwasho, wangekuja watu wachache, lakini wangekuja. Mimi ningesimama mbele ya meza ile bila fulari, bure, na ningesema: hii ndiyo kazi yake.

Sasa hivi nimeacha kuandika kidogo, nikamwomba Paluku anipige foto. Akauliza ya nini, ndipo nikamweleza yote, na yeye akanipiga tatu na kuniambia nichague. Nimeiweka hapa chini. Hiyo ndiyo shingo yangu leo, kwenye mwanga wa mlangoni. Ukiwa umeona ile nyingine popote, mwonyeshe aliyekutumia hii. Na kama una mtoto aliyeungua, maji baridi, halafu sante, na usitoke sante mpaka munganga akuachie.

Kesho ni yenga. Mama yake Kahindo anakaa benchi ya mbele, upande wetu wa kwaya. Ni mtu mzima, macho yamepungua, na kila yenga anapapasa mkono wangu ili aniulize habari za mtoto wake wa Beni, kwa sababu anaamini mimi ndiye najua zaidi. Kesho ataniuliza kama nimemuona.

Nitamwambia ndiyo, mama, nilimuona, ni mzima. Hilo siyo uongo. Nitamsaidia kukaa.

Lakini akiniuliza kama tulifurahi kuonana, nitamjibu nini?