Reiji na Kosa Lisilo Lake

Shiroko, Suzuka,
Japani.
Tarehe 23 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Tadao,

Hujambo huko Londrina, Brazili? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Lourdes na wale mapacha ambao kwenye picha wanaonekana wamekula wakashiba. Najua kwenu baridi inaanza, basi funika kifua chako, maana tangu utotoni wewe ni mtu wa kikohozi. Mimi sijambo. Goti limetulia tangu joto liingie, saluni ina wateja, na kaburi la mama nimelisafisha na kulipelekea maua.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli mtoto wetu Reiji amepoteza kiti chake kwenye mashindano ya magari, nami nikakwepa kwa sababu nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi. Sasa nimekaa, nitakueleza yote. Ukiona nina hasira, ujue hapo bado nimejizuia.

Kaka yetu Kenzo unamjua. Siku Reiji alipopata nafasi katika daraja la juu kabisa, akiwa na miaka ishirini na miwili tu, majirani walikuja na zawadi kumpongeza baba mtu. Kenzo akawajibu kwamba huyo mjinga ataenda kuwasumbua wenzake tu. Sawa, hivyo ndivyo tulivyolelewa, mtu hamsifu wa kwake mbele za watu. Hata baba alikuwa akikuponda wewe mtaa mzima, kisha siku unaondoka akalia uwanja wa ndege kama mtoto. Tofauti ni kwamba Kenzo akishasema kitu mara mbili, anakiamini.

Na nyuma ya Kenzo yuko Bwana Kuwabara, mwenye duka la keki za mchele, ambaye siku hizi ni mwenyekiti wa chama cha mashabiki wa Reiji. Mtu huyu hutapika akikaa kiti cha nyuma cha teksi, lakini sasa anatufundisha sote namna ya kuingia kona. Ametengeneza keki zenye sura ya Reiji. Nilinunua moja kwa adabu. Sura ile ni ya Kuwabara mwenyewe akitoka kuoga.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mwezi wa nne mashindano yalikuja hapa kwetu Suzuka. Reiji alikuwa anakwenda vizuri sana, mbele ya watu wenye majina makubwa. Akaingia kubadilisha magurudumu, mafundi wakafanya haraka, na gurudumu moja la nyuma halikukazwa. Alipofika ile kona ya kasi karibu na mwisho, gurudumu likachomoka, likampita mwenyewe, likaenda zake. Gari likagonga ukuta. Alitoka akitembea, namshukuru kila aliyeko juu. Kila mtu aliona kwenye televisheni. Wateja wangu waliokuwa wamefunikwa vichwa kwenye mashine ya kukaushia nywele waliona.

Wasioona ni wawili tu, Kenzo na Kuwabara. Walipenya hadi nyuma kwenye mahema ya timu wakamkamata kijana kabla hajanywa hata maji. Wakamwambia kabla wale wageni wenye timu hawajafungua mdomo, yeye awahi kuinama aseme kosa ni lake.

Wewe umekaa ng'ambo miaka mingi lakini hujasahau. Hapa mtu huwahi kuomba radhi hata kama hakukosea, na mwenzake, kama ana haya, hujibu kwamba hapana, sisi ndio tuliokosea. Mambo yanaisha, watu wanakunywa chai. Basi Reiji akasimama mbele ya kamera, akainama, akasema kosa ni langu, nimewasumbua watu wote wa timu. Akabaki ameinama akisubiri upande wa pili ufanye sehemu yake. Mkuu wa timu, mzungu mrefu mwenye miwani ya jua kichwani, akampigapiga begani, akamshukuru kwa ukweli wake. Ikaishia hapo. Kenzo na Kuwabara wakabaki wanatazamana kama watu walioachwa na treni.

Kabla mwezi haujaisha timu ikatangaza kwamba Reiji anapumzishwa kwa sababu ya kosa alilolikiri mwenyewe. Kiti chake amepewa kijana ambaye baba yake ana meli. Ile timu naidharau, maana inajua vizuri nani hakukaza nati. Lakini wetu nawadharau zaidi. Wageni hawajui desturi zetu. Wetu wanajua kwamba wageni hawazijui, na bado wakamsukuma mtoto.

Ikatokea bahati. Timu nyingine ilimpigia simu. Mama mmoja anayeiongoza akamwambia kwamba wameliona gurudumu, kama dunia nzima ilivyoliona, na wanamtaka. Ila hawawezi kumchukua dereva aliyejitangaza kuwa mgonga kuta, wadhamini watakataa. Lazima aseme hadharani kwamba kosa halikuwa lake. Wewe au mimi tungesema siku ileile. Reiji, mtoto mtiifu kupita kiasi, alipanda ndege kuja kumwomba baba yake ruhusa.

Kenzo akakataa. Eti neno likishasemwa mbele za watu halirudishwi, na eti ni aibu kuwasingizia mafundi waliochoka. Kuwasingizia! Kisha Kuwabara akaona hapo pana nafasi ya hotuba. Akaita mkutano kwenye ukumbi wa mtaa ili Reiji awainamie na mashabiki pia, maana walihangaika kushona mabango.

Nilikwenda, nikakaa mstari wa mbele. Mwandishi wa gazeti letu la hapa naye alikuwepo. Kuwabara alihutubia mpaka chai ikapoa. Halafu Kenzo akamwekea mwanawe mkono mgongoni, akasema kwa sauti ya chini, "Haya, inama."

Reiji hakuinama. Alikuwa amepauka, Tadao, yeye ambaye hukimbiza gari karibu na ukuta bila kupepesa macho.

"Gurudumu halikukazwa," akasema. "Nililihisi linacheza kabla sijafika kwenye kona. Nilisema kosa ni langu kwa sababu baba aliniambia niseme. Mimi sikukosea."

Bibi Fumie wa dukani kwa dobi, yule asiyejua kunong'ona, akadakia.

"Si tuliliona sote likitoka? Sasa hapa tumeitiwa nini?"

"Bibi, subiri zamu yako," Kuwabara akamwambia.

"Zamu yangu ni hii. Na keki zako ni ngumu."

Hapo nilitegemea Kenzo ataona aibu. Badala yake akapiga magoti, akagusa mkeka kwa paji la uso, akawaomba watu wote radhi kwa utovu wa adabu wa mwanawe. Aliinama vizuri kweli, kaka yetu, mgongo umenyooka kabisa. Kwa kazi hiyo ana kipaji. Reiji alimtazama mara moja, akatoka, akavaa viatu mlangoni. Tangu siku ile anakaa kwangu, chumba cha juu.

Gazeti liliandika, na maneno yake yakafika mbali. Jumatatu anakwenda kujaribu gari la ile timu nyingine. Wakimpa au wasimpe, angalau safari hii atahukumiwa kwa uendeshaji wake.

Leo asubuhi wifi Sanae, mama yake Reiji, amekuja na tunda la tikiti la duka kubwa, la bei mbaya, lile la kwenye sanduku, limefungwa kwa karatasi ya zawadi. Ujumbe wa Kenzo ni kwamba ananiomba radhi kwa usumbufu ambao mwanawe ananipa. Nilimrudishia. Nikamwambia, "Wifi, mimi sisumbuliwi. Anayestahili kuombwa radhi yuko juu, anakula wali." Sanae akaweka sanduku chini, akavua viatu, akapanda ngazi yeye mwenyewe. Nilimsikia akilitamka neno lile kwa mwanawe, lile ambalo mumewe amewagawia mji mzima. Halafu nikawasikia wote wawili wanalia, nikawasha mashine ya kukaushia nywele ili wateja wasisikie.

Kenzo alikuwa nje muda wote, ndani ya gari, injini inaunguruma, macho mbele. Nilitoka nikamwambia amezuia mlango wa wateja wangu. Akateremsha kioo na kuniomba radhi papo hapo.

Nisalimie wifi Lourdes, mapacha, na mama mkwe wako. Mama na baba huko waliko wawatazame na kuwalinda nyote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Mitsuyo