Muaz Anakuulizia

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Turki,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Salala, Omani, manyunyu yameanza? Sisi hatujambo. Mama miguu inamsumbua, lakini ngazi anashuka mwenyewe. Amekataa chumba chako kipangishwe. Nami nikifungua duka bado nakutafuta kwa macho pale kwenye majora ya vitenge.

Nina habari za kaka yako Muaz, na safari hii si za kulia.

Unakumbuka tulivyohangaika. Kliniki ya akili walitaka aache unga kwanza, ndipo watibu sauti anazozisikia. Nyumba ya kuachia unga nao hawakumtaka mtu anayeongea peke yake. Ulipoondoka alikuwa analala Jangwani chini ya daraja. Chakula nilichompelekea alikisukuma, akidhani nimekitia sumu.

Mama Evarista, jirani yetu wa duka la vyombo, ndiye aliyetuelekeza kliniki wanakotibu yote mawili. Kwa vile nimezoea kufukuzwa, nikaanza kumweleza nesi Jacqueline tukiwa bado mlangoni: anatumia unga, lakini pia...

Akanikatiza. "Dada, nani amekwambia achague ugonjwa mmoja? Kaeni."

Turki, nililia pale kwenye benchi mbele za watu.

Sasa kila asubuhi namsindikiza. Anakunywa methadoni, ile dawa ya kumwachisha heroini, dirishani, na vidonge vya akili anameza palepale. Sikudanganyi kwamba amepona. Ramadhani alirudia unga, akapotea, tukamkuta Magomeni amekonda. Walimpokea vilevile, bila kumsema. Sauti bado zipo, ila anasema siku hizi ni kama redio ya jirani.

Juzi alikuwa anakunja vitenge, akaniuliza, "Turki bado ananiogopa?"

Najua alivyokupiga, na kovu unalo. Jibu hilo si langu. Basi piga simu alasiri, akiwa dukani. Hata ukiishia kwenye salamu, inatosha.

Nisalimie wifi Rania. Nawal mwambie shangazi yake anatamani kumsuka nywele. Mama anakutaja kila akimaliza kuswali. Mungu akuhifadhi huko ugenini, atujaalie tukae tena sinia moja, sisi ndugu watatu.

Dada yako anayekupenda na kukukumbuka,

Hamdiya