Papa, Waliwacheka Watu wa Daftari Lako

Papa,

Leo sikuandikii kwa upole. Mama anasema marehemu haandikiwi kwa hasira, anaombewa. Nimeshakuombea. Sasa nataka kukuambia walichofanya, na nilichofanya mimi, maana na mimi nimo.

Naandika kwa Kiswahili, unaona? Miaka yote ulinisemesha Kiswahili nikakujibu Kiswidi, ukacheka: "Mademoiselle wa Rågsved, mdomo wako umesahau njia ya nyumbani?" Juzi nilimwomba mwalimu wangu wa Kiswahili karatasi za ziada. Akashangaa, kwa sababu mimi ni yule anayekaa nyuma na kunong'ona. Nilimwambia nina kazi ya nyumbani. Si uongo.

Habari yenyewe ni ya daftari lako. Unalijua kuliko mimi, lakini acha nilieleze, kwa kuwa kuna watu siku hizi wanalieleza vibaya. Ni lile la jalada gumu la kijani, ulilolinunua ulipoanza kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli karibu na uwanja wa ndege. Miaka kumi na minne ulifundisha Kiingereza sekondari kule kwetu Uvira, halafu hapa wakakukabidhi mashine ya pasi ndefu kama basi. Hukulalamika. Ulikuta pale wanawake watatu Wachina waliotaka kutoka kule chini kwenye mvuke, wapande juu kwenye vyumba na mapokezi, nao walikuwa wameambiwa: kwanza Kiingereza, wageni wa ndege hawajui Kiswidi.

Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mtu mwingine angeona shuka, wewe ukaona darasa. Mmoja anashika pembe mbili na kumtaja mtendaji. Wa pili anashika pembe mbili na kutaja kinachotendwa. Mnatembea mkutane katikati, na mikono inapogusana ndipo kitenzi kinasemwa. Ulisema kwa Kichina kitenzi hakibadiliki, jana na kesho ni kile kile, ndiyo maana wakija kwenye Kiingereza wanakiacha uchi. Basi ukaweka sheria: hakuna kukunja mara ya pili kabla hujasema wakati. Jana, leo au kesho? Shuka linangoja.

Ulileta nyumbani moja lililoungua, lenye tundu la kahawia, tukafanya mazoezi sebuleni. Mimi nilisema kwa sauti ya panya. Wewe ukapaza yako hadi jirani wa chini akagonga bomba: "Karibia kitenzi, Sifa! Kitenzi hakiumi!"

Na sheria nyingine, kubwa kuliko zote: sentensi lazima iwe ya kweli. Hukutaka wale watu wa vitabuni wanaokula tufaha kila asubuhi. "Ukweli kwanza, sarufi baadaye." Kila ukurasa wa daftari ulikuwa na mwenyewe. Juu uliandika sentensi yake kama alivyoisema siku ya kwanza. Katikati ukachora jinsi maneno yanavyopangwa, kwa mishale na mikunjo. Chini kabisa, kama alivyoisema siku ya mwisho. Zile za juu hukuziita makosa. Uliziita nyayo. "Mtu akitoka kwenye matope, nyayo zake zinaonyesha alikotoka. Utamcheka?"

Kumbe watamcheka, Papa.

Ukurasa wa kwanza ni wa Mama Jun. Kule kazini aliitwa Liu tu, jina kavu, na wewe ulikataa. Nyumbani kwetu mama wa mtu haitwi hivyo. Ukamuuliza mtoto wake wa kwanza anaitwa nani. Ulinisimulia kwamba aliachilia pembe zake zote mbili, shuka likaanguka sakafuni. Jun alikuwa kwao na bibi yake. Mama yake alimwacha akiwa na miaka miwili, aje kutafuta maisha. Katika nchi hii hakuna aliyewahi kumwita mama wa yeyote. Tangu siku hiyo hata wenzake wawili wakamwita Mama Jun, kwa Kiswahili, bila kujua ni Kiswahili.

Halafu wewe ukafa.

Hapo nina neno na wewe pia. Asubuhi ile ulikuwa umekaa kitandani, mkono kifuani. Nilisimama mlangoni na begi la shule. Ulisema: "Ni baridi tu, nenda." Mwalimu wa ukweli kwanza! Sentensi yako ya mwisho kwangu haikuwa ya kweli, na mimi niliifuata mpaka kituo cha treni. Nimekukasirikia. Nimemaliza. Hapana, sijamaliza, lakini nina mengine ya kusema.

Siku ya kuondoa matanga wazee walikaa kugawa vitu vyako, kama desturi. Koti lilikwenda kwa huyu, saa kwa yule. Baba mdogo Prosper, ndugu yako yule wa tai na maneno marefu, alisema: "Mimi sitaki saa. Nipeni daftari la kaka, kazi yake isife." Watu wakaitikia amen. Mama akaniambia nikalichukue. Nikalichukua, Papa. Nililishika kwa mikono miwili, nikampa.

Baada ya wiki mbili alikuja na kompyuta yake. Chama anachofundisha watu wazima kilitaka kuchapa kijitabu cha Kiingereza kwa Wachina, na mimi ndiye niliyeujua mwandiko wako. Nikachapa jioni zote, siku tisa. Nakuungamia: nilifurahi. Hakuna anayeniomba kitu kwa kawaida, watu husahau kwamba niko chumbani. Akawa ananiita "katibu wangu." Kisha akasema ukurasa una maneno mengi, tubaki na zile sentensi za juu, tuziweke pamoja chini ya kichwa kimoja, "Makosa ya Kawaida ya Wachina", wanafunzi wasahihishe wenyewe. Za chini tuzitoe. "Ni sawa, katibu?"

Nilijua si sawa. Nilijua kabisa. Nikatikisa kichwa kukubali, kama kuku anayekunywa maji.

Kikazinduliwa Jumamosi, mchana, kwenye ukumbi wa hapa mtaani kwetu Rågsved, kwa kahawa na mandazi ya mdalasini. Kwenye jalada kulikuwa na jina la Baba mdogo. Lako nililitafuta nikalikuta ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kama za maandishi ya dawa: shukrani kwa marehemu kaka yangu aliyechangia mawazo. Kuchangia mawazo! Mtu anachangia chumvi, Papa. Anachangia viti vya harusi.

Mama Jun alikuja na wale wenzake wawili, treni kutoka Upplands Väsby, kisha metro. Alivaa nyeupe tupu. Watu wetu walimkodolea macho, Mama Shukuru akanong'ona, "Huyu anaolewa na nani?" Mimi nilijua, kwa sababu uliwahi kunieleza: kwao nyeupe ni ya msiba. Hakuja kwa ajili ya kijitabu. Alikuja kukulilia.

Baba mdogo akasimama, akafungua katikati, akasema sasa tufurahi kidogo. Akasoma kwa Kiingereza, kwa sauti ya kuchekesha, akivuta pembe za macho yake kwa vidole: "My son eleven year. Nine year I not see."

Mwanangu ana miaka kumi na moja, miaka tisa sijamwona. Ndicho alichosoma. Na ukumbi ukacheka.

Walicheka watu wetu! Watu waliokaa kambini, wenye watoto waliobaki ng'ambo ya ziwa! Mama Shukuru alicheka mpaka akafuta machozi, yeye ambaye mwaka wa tano huu akitaka kumsalimia dereva wa basi kwa Kiswidi anamwambia samahani. Baba mdogo akauliza, "Nani atamsahihisha huyu?" na mikono ikanyooshwa. Ya chini hakuisoma, ile aliyoipata Mama Jun baada ya miezi saba ya mashuka, iliyonyooka kuliko Kiingereza cha Baba mdogo mwenyewe. Hakuisoma kwa sababu haikuwepo. Niliitoa mimi.

Mama Jun aliweka kikombe. Akakunja kitambaa chake cha karatasi mara mbili, pembe kwa pembe. Kabla ya kuchukua koti aliniangalia. Kwetu, mwandiko ule waliuweza watu wawili tu, wewe na mimi, na mmoja alikuwa kaburini.

Sikusimama. Nilibaki na andazi mkononi.

Kesho yake, baada ya ibada, Baba mdogo alikuja kula kwetu kama kila Jumapili. Mama alikuwa anapakua bugali. Nikasikia sauti inasema, "Nirudishie daftari la papa yangu," na ilikuwa yangu, tena kwa Kiswahili.

"Unasemaje?"

"Daftari, Baba mdogo. Nirudishie."

"Ee, mama Sifa, sikia mtoto wako. Msichana anadai urithi!"

"Sidai urithi. Nadai watu. Mama Jun na wenzake wamo mle ndani, na hukuwauliza."

Alicheka, akageukia sahani. Mama hakucheka. Alishikilia mwiko hewani. "Shemeji," akasema, "bugali utaupata. Daftari liko wapi?"

"Hata wewe? Si mlinipa mbele ya wazee?"

"Tulikupa vitu vya marehemu. Hatukukupa watu walio hai."

Lilikuwa kwenye gari lake. Alilileta, akaliweka mezani kwa kishindo, akala, akaondoka bila kumshukuru Mama. Hajarudi Jumapili mbili sasa. Mama anasema atarudi, njaa ni mpatanishi. Vijitabu bado alikuwa ameviacha ukumbini, kwenye meza ya mlangoni, mtu yeyote achukue. Jumanne nilipita pale nikavichukua vyote vilivyobaki. Viko chini ya kitanda changu. Sijui kama ni wizi. Kama ni wizi, ni wa pili, baada ya ule wa mstari wa chini.

Juzi Ijumaa nilikwenda kwenye hoteli yako. Treni hadi Upplands Väsby, halafu basi, halafu mlango wa wafanyakazi wenye mvuke, ule ulionielekeza nisimame nikikuletea chakula. Nilikuwa na daftari na lile shuka lililoungua kwenye mfuko wa plastiki. Mama Jun alitoka wakati wa mapumziko. Hakunisalimia. Nilimpa daftari. Akafungua ukurasa wake, akausoma juu, katikati na chini, akifuata mwandiko wako kwa kidole, mstari kwa mstari. Halafu akauchana. Taratibu, kutoka juu, bila kuharibu hata herufi. Akaukunja akautia mfukoni mwa aproni. "Huu wangu," akasema.

Nikajua ndiyo mwisho. Nikageuka niende. Ndipo akaona mfuko, akalivuta shuka, akanirushia upande mmoja. Tukanyoosha pale pale nje, kati ya makontena ya nguo chafu.

"Mtendaji nani?" akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti yako, Papa, ile ile ya ukali wa uongo.

"Mimi," nikasema.

"Kinachotendwa?"

"Ukurasa wako."

Nikatembea kuelekea kwake. Ni hatua nne tu. Mikono yetu ilipogusana nikasema kitenzi, na sauti haikuwa ya panya: niliuchapa ukurasa wako, niliutoa mstari wa chini, sikukuuliza.

Hakunisamehe. Usifikiri nakuletea hadithi ya kanisani. Aliniangalia kupitia lile tundu la kahawia, akangoja. Shuka lilikuwa limekunjwa mara moja tu.

"Wakati?" akauliza.

"Uliopita."

Akakunja mara ya pili. Akalibana kwapani akasema Jumamosi nije, kwake, jikoni, wenzake watakuwepo, na nisichelewe kama ulivyokuwa ukichelewa wewe.

Kwa hiyo Jumamosi naenda. Naogopa, nakwambia ukweli ili mmoja wetu awe ameusema. Nakuahidi haya: sitasoma ukurasa wa mtu kabla mwenyewe hajanipa ruhusa. Sitasahihisha sentensi ya mtu kabla sijajua jina la mtoto wake. Na jalada la kijani litaandikwa jina lako, kwa kalamu nene, kwa mkono wangu, mbele ya Baba mdogo akirudi kula.

Lala, Papa. Nimekukasirikia bado, na nakupenda, na zote mbili ni za kweli. Shuka halijalala. Pembe mbili ninazo mimi, na zile zako amezishika Mama Jun.

Binti yako,
Sifa