Mikeka ya Msiba Chumbani kwa Rehema

Mjukuu wangu Salum,

Marahaba. Huku Temeke sie wazima, goti langu tu ndio lina vituko.

Unauliza imekuwaje redio ya dada yako Rehema, anayoirusha mtandaoni kutoka chumbani kwake, inasikika vizuri siku hizi. Kweli, zamani wanaopiga simu walisikika kama wamo ndani ya pipa. Yule mtoto ana kichwa. Alipiga makofi, akasikiliza, akasema kuta tupu ndizo zinazorudisha sauti. Akaazima ile mikeka ya msiba ya kina mama wa mtaa, akaitundika ukutani. Mwangwi ukapungua, ila haukuisha.

Sasa majirani kuona mikeka ile inaingia kwetu, wakajua tumefiwa. Wakaja wamejitanda khanga, wananipa pole.

"Hatujafiwa," nikawaambia. "Ni redio ya Rehema."

Wakacheka, wakaingia chumbani kusikiliza, wakajaa hadi mlangoni. Rehema akapokea simu ya kwanza, akanigeukia taratibu.

"Bibi, mwangwi umekwisha. Watu wameumeza."

Tangu hapo kila Jumamosi anawaita. Pembeni mwa kitanda tu ndipo bado panarudisha sauti kidogo. Hataki paguswe. Anasema hapo ni pako, ukirudi kutoka Mwanza.

Bibi yako