Mwana wa Asia Chuoni Ulaya

Morogoro, 6 Machi 1911

Kwa mjomba wangu mpendwa, Mwalimu Ahmadi, Kinole.

Shikamoo mjomba. Mimi mpwa wako sijambo, kile kifua kilichonibana masika ya mwaka jana kimepona. Natumaini nyumbani wote hamjambo, mama hajambo, na wanafunzi wako wa Kurani hawakutoroki kwenda kutega ndege.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Unajua tangu nitoke shule ya Tanga nimekuwa karani hapa bomani, na unajua sitaki kuzeekea ukarani. Kuna chuo cha serikali huko Udachi, kwao hawa wanaotutawala, katika mji mkubwa wa bandari, wanakosoma watu wa mataifa mengi. Nimeomba nafasi. Makarani wenzangu wamenicheka. Lakini amefika hapa bwana mmoja, profesa wa chuo hicho hicho, na yeye hakucheka. Amesema ataniombea mwenyewe, ila kwanza nimsaidie kazi yake huko milimani. Yeye hupima watu: kichwa, pua, urefu wa mikono. Wengine huwafunika uso kwa unga mweupe uliokorogwa na maji. Ukikauka anaubandua, anabaki na umbo la sura. Hauumi.

Nimemtajia Kinole. Watu wanakusikiliza wewe kuliko jumbe. Nakuomba uwakusanye, na nyumba yetu itangulie ili wengine wasiogope. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake. Basi sema neno hilo, mjomba. Usiniangushe.

Mpwa wako,
Hatibu

---

Kinole, 20 Aprili 1911

Kwa mpwa wangu Hatibu.

Marahaba. Miili yetu haina ugonjwa. Mvua imeshika vizuri, na migomba ya bondeni imelala kwa upepo, lakini hiyo si habari.

Tangu mwondoke wewe na bwana wako nimekuwa nikitafuta namna ya kuandika barua hii. Ulikuwapo, ulikuwa ukitafsiri, ila nadhani macho yako yalikuwa kwake tu. Mama yako alilazwa chali juu ya mkeka, pale uwanjani, ushungi umevuliwa, na mume wa dada yako amesimama palepale. Mkwe, Hatibu! Mtu ambaye mama yako akimwona njiani huiacha njia akaingia majanini. Ule uji mweupe ulipomfunika macho na mdomo, akawa anapumua kwa mabua mawili yaliyotiwa puani, alitapatapa akakuita kwa sauti iliyozibwa. Wewe ukamshika mikono ukasema, "Vumilia mama, bwana asije akakasirika." Nilisikia. Kila mtu alisikia.

Tangu siku ile hatoki mchana. Kisimani anakwenda alfajiri, kabla ya wenzake. Mkwe naye haji tena, anatuma salamu kwa watu. Na mimi niliyewaita watu, nikipita barazani naona mazungumzo yanakatika. Siwezi kukunyooshea wewe kidole nikajiacha mimi.

Radhi yangu nilikwisha kukupa, siirudishi. Lakini hicho ulichokitafuta kwa uso wa mama yako, ukakipate kweli.

Mjomba wako,
Ahmadi

---

Udachi, 2 Desemba 1911

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nipo salama salimini. Bahari ilinitapisha mpaka nikaomba kufa, lakini nimefika. Baridi ya huku hata ile ya kilele cha Uluguru haioni ndani. Ninyi hamjambo? Mama je?

Waambie watu wa Kinole kwamba niko chuoni. Jengo ni la mawe, lina ngazi pana kiasi cha ng'ombe wanne kupanda sambamba. Nimepewa koti la sufu na chumba. Profesa ametimiza neno lake.

Nimemletea mama kitambaa cheusi cha ushungi kupitia kwa baharia mmoja wa Dar es Salaam. Mwambie naomba radhi yake. Kazi ni nyingi, naishia hapa.

Mpwa wako,
Hatibu

---

Kinole, 25 Februari 1912

Kwa mpwa wangu Hatibu.

Marahaba mwanangu, na tumshukuru Mungu aliyekuvusha. Sisi tu wazima. Dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Barua yako niliisoma msikitini baada ya sala ya Ijumaa, nikairudia mara ya pili kwa kuwa waliniomba. Mambo yamebadilika hapa. Wale waliokuwa wakininyamazia wanakuja kunisalimu, na wamekwisha kukupa jina, wanakuita Profesa. Hata mkwe alikuja, akakaa mbali kwa heshima, akasema, "Kumbe ile tabu ilikuwa na faida." Mama yako alikuwa ndani, aliyasikia.

Kitambaa amekipokea. Amekikunja akakiweka sandukuni, hajakivaa. Nilipomuuliza neno la kukuandikia alifikiri sana, kisha akasema: "Muulize, darasani anakaa wapi? Mbele au nyuma?"

Nami ninalo langu. Hukutuambia wanakufundisha nini. Tuandikie, maana watu wananiuliza sina la kujibu.

Mjomba wako,
Ahmadi

---

Udachi, 9 Mei 1912

Mjomba,

Shikamoo. Mwili wangu mzima. Mpe dada hongera.

Swali la mama limenivunja. Mwambie nakaa mbele. Nakaa mbele kabisa, juu ya jukwaa, lakini uso nimewaelekezea wanafunzi. Mimi si mwanafunzi, mjomba. Wanaosoma ni mabwana wanaojiandaa kuja huko kutawala na kulima mashamba. Mimi natamka neno, wao wananifuatisha. "Sema tena. Fungua mdomo." Wengine huja karibu wautazame ulimi unavyopinda. Nilipokwenda kuuliza habari za nafasi yangu, karani wa chuo alipekua makaratasi, akaniambia hakuna ombi lolote la jina langu. Akasema, "Hapa wanasoma watu wa nchi nyingi, lakini si wa kwenu." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Nilipokuandikia ile barua ya kwanza kutoka huku nilikuwa nimekwisha kuyajua haya. Niliona aibu.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Mwezi uliopita profesa aliingia darasani na sanduku, akatoa sura za unga mweupe akazipanga mezani. Ya tatu ilikuwa ya mama. Amefumba macho, na mdomo umekazwa vile anavyoukaza akizuia kilio. Nyuma imeandikwa namba. Wakaipitisha mkono kwa mkono. Mmoja akaipima taya kwa vidole, akasema jambo, wakacheka. Profesa alikwisha kuzisahau sura za Kinole, akaniuliza, "Huyu si wa milima yenu? Unamjua?"

Nikasema, "Simjui."

Mjomba, nilisema simjui. Nikaendelea kutamka maneno mpaka kengele ikalia. Sijui kama utamsomea mama haya. Niambie nifanye nini.

Hatibu

---

Kinole, mwezi wa Rajabu, Julai 1912

Hatibu,

Salaam. Hatuna mgonjwa.

Nilitaka kuruka mahali nikimsomea mama yako. Sauti ikanisaliti. Akasema, "Soma yote, kaka." Nikasoma yote. Nilipofika kwenye lile neno akasema, "Rudia hapo." Nikarudia.

Kisha akauliza, "Alikuwa na nani humo ndani?"

Nikamwambia, "Peke yake, kati ya Wadachi."

"Basi aliogopa. Na siku ile uwanjani nilipomwita aliogopa vilevile, alinishika mikono kama mtu anayezama." Kisha akawaka, sijapata kumwona hivyo. "Lakini hofu haimpi mtu ruhusa ya kumkana mamaye! Mwandikie hivyo hivyo, usimpunguzie. Na umwandikie, mimi ninaye aliyenipa jina. Wameniweka huko kama chungu cha sokoni. Awaambie naitwa nani. Asiibe, asipigane na watu. Awatajie jina langu tu."

Ndivyo alivyosema. Langu mimi ni dogo. Msikitini nimewaambia ukweli, kwamba wewe si Profesa na hukupata kuwa mwanafunzi. Imenibidi, kwa kuwa ni mimi niliyewasomea ile ya kwanza. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Mjomba wako,
Ahmadi

---

Mafiga, Morogoro, 14 Desemba 1912

Mjomba wangu,

Shikamoo. Usishangae kuona nimeandika kutoka hapa. Ni mzima, nimekonda tu.

Barua yako ilipofika, kesho yake nilisimama darasani kabla sijaulizwa kitu. Niliiomba ile sura, nikaishika, nikasema kwa Kiswahili na kisha kwa Kidachi: "Huyu anaitwa Asia, wa Kinole. Ndiye aliyenizaa." Mwanafunzi mmoja aliweka kalamu chini. Wengine walimtazama profesa. Profesa akasema majina hayahitajiki katika elimu hii, niketi. Nikamwambia sitatamka neno jingine mpaka jina liandikwe. Hakuliandika, nami sikutamka. Kabla ya mwezi kwisha walinipandisha meli.

Sura imebaki huko, mjomba. Sikuweza zaidi ya hapo.

Bomani nafasi yangu wamempa mwingine. Mzee Fransisko, tuliyefanya naye kazi zamani, amenipa chumba uani kwake. Kutoka mlangoni milima yote inaonekana, kwa hiyo nakaa nimeipa kisogo. Niliondoka nikiwa nimewalaza watu wa kwetu uwanjani kwa ajili ya cheo, na cheo chenyewe sinacho. Nitapita vipi mbele ya mkwe? Nitamwangalia vipi mama? Kila asubuhi nafunga kamba za viatu, kisha nazifungua.

Niambie nije, au niambie nisije. Lolote nitalipokea.

Mpwa wako,
Hatibu

---

Kinole, Desemba 1912

Mwanangu Hatibu,

Marahaba. Sisi hatujambo.

Barua yako nilimsomea mama yako leo asubuhi, wakati wa kumenya magimbi. Aliingia ndani, akatoka, akaniuliza nyumba ya huyo Fransisko iko upande gani wa Mafiga. Nikamweleza kama ninavyoijua. Nikamwambia nitaandika jibu, kisha nitafute mtu wa kulipeleka.

Akasema, "Andika upesi. Mtu mwenyewe ni mimi."

Nimemwambia njia ina utelezi na miguu yake si ya zamani. Ni kama nilikuwa nikiuambia mlima. Kwa hiyo naandika huku amesimama juu yangu, amekwisha kujifunga nguo za safari. Sijui anakuja kukukumbatia au kukuchapa. Sikuuliza, maana hilo ni lenu wawili, na mimi nimekwisha kusema ya kutosha katika jambo hili.

Nadhani sasa hivi yuko mlangoni kwako, anakutazama ukisoma. Weka karatasi chini, umwamkie.

Mjomba wako,
Ahmadi