Kijiko Ndani ya Glasi

Baba,

Shikamoo. Arobaini yako imepita, na kibanda chako cha kuuza nyimbo pale Gerezani nimekifungua mimi. Wateja wananizoea taratibu. Wanaleta memori kadi, nawawekea nyimbo za singeli, wanaondoka. Fundi viatu jirani bado anaulizia taarab zako. Namwambia avumilie, mrithi hajajua kila kitu.

Juzi konda wa basi la kusini kaniletea kadi kutoka Liwale. Si unakumbuka ulivyokuwa ukipakua masomo ya video hapa na kumtumia Shangazi Zuhura shuleni kwake, kwa sababu kule mtandao mpaka upande kilima? Nilikucheka, nikasema unateka maji kwa pakacha. Ukanijibu, "Wewe bando unalo, maswali huna."

Safari hii wanafunzi wamejirekodi sauti humo humo. Wanasema somo la mwanga limekatika. Ulikuwa unalipakua siku ile kifua kilipokubana, tukakimbilia hospitali. Mwalimu wa kwenye video anatumbukiza kijiko kwenye glasi ya maji, anasema "sasa tazameni", basi, kimya. Wakajaribu wenyewe. Binti mmoja, Pili, anauliza: "Babu, kijiko kimepinda, au macho yetu ndiyo yamepinda? Tunakungoja, mtihani umekaribia."

Wanakungoja, Baba. Shangazi alikuja kukuzika, akarudi na kadi kama ulivyoiacha, akashindwa kuwaambia.

Nikaazima glasi kwa mama lishe, nikatumbukiza kijiko. Kimepinda kweli. Miaka yote nakoroga vitu kwa vijiko, sijawahi kutazama. Hapa mtandao umejaa mpaka vyooni, na swali limetoka kule usikofika. Iliniuma, halafu nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikalipakua somo lote, nikalitazama mara mbili.

Kadi inaondoka kesho. Salamu yako uliyowarekodia mwanzoni mwa kadi, "Haya wajukuu, tegeni masikio," nimeshindwa kuifuta. Baada yake nimeweka sauti yangu. Nimemwambia Pili kijiko kimenyooka na macho yake ni mazima, ni mwanga unaopinda ukitoka majini. Kisha nikawaambia kwamba Babu yao amefariki. Hilo nimelisema mara moja tu, sikurudia kurekodi.

Mungu akulaze pema, Baba. Nimewaomba wasiache kuuliza. Nisilolijua nitalitafuta, na somo likikatika tena nitalimalizia mimi.

Mwanao mwenye bando, na sasa maswali pia,
Mwajuma